Treni ya Moshi na Arusha: apewe mwendeshaji mpya au ibaki TRC (Shirika la Reli Tanzania)?

Mtoto wa Njoro
Wakuu habari za jioni. Hili jambo limenikaa kichwani tangu niliposikia TAZARA, ile reli yetu na Zambia, imesainiana na Wachina, ile kampuni ya CCECC, kwamba wanaichukua reli miaka 30, waitengeneze na kuiendesha, na wanaingiza dola bilioni 1.4. Huku Kaskazini nasi tunasikia kila mara kampuni binafsi zinakaribishwa zilete vichwa na mabehewa yao kwenye reli ya umma zilipie njia. Treni yetu ya kutoka Dar ilirudi Moshi Desemba 2019, Arusha Oktoba 2020, pale stesheni kuna watu wazima walitoa machozi mimi nikiwemo. Lakini tangu hapo ni yaleyale, siku chache kwa wiki, usiku kucha njiani, mvua ikizidi tuta linasombwa tunarudi kwenye mabasi. Swali langu ni moja: hii reli ya Tanga, Moshi mpaka Arusha apewe mwendeshaji mpya mwenye hela zake au ibaki TRC? Toeni hoja, matusi hapana.

Chalii wa Sakina
Apewe hata kesho asubuhi. Mimi siulizi ni Mchina, Mturuki au nani, naangalia kazi. Mtu wa Dodoma sasa ivi anapanda mchongoko, ile treni ya umeme ya SGR, kutoka Dar anafika chini ya saa nne, anashuka shati halijakunjana. Sisi tunaoingiza dola za utalii tunalala njiani kwenye behewa la enzi za Mwalimu. Ila tuambiane ukweli, abiria wako wapi? Mchaga anapanda Desemba tu akienda kuhesabiwa kwao Krismasi, Januari tarehe tano kashageuza, miezi kumi na moja iliyobaki mabehewa yanabeba upepo. Mwekezaji akipiga hiyo hesabu anakimbia. Arusha peke yake ingejitosheleza, kuna watalii, madini, mikutano, na uwanja wa AFCON huo hapo Olmoti.

Mama Ndizi Mbuyuni
Wewe mwanangu ungeishia kwenye mchongoko ningekuunga mkono. Sasa umeigusa Desemba yetu basi nisikilize. Mimi napeleka ndizi Dar pale Mabibo, Mahakama ya Ndizi, mwaka mzima, masika kwenye matope, kiangazi kwenye vumbi. Njoo Mbuyuni saa kumi alfajiri siku yoyote usiyoipenda uone fuso zinapakia. Nani kakwambia Mchaga anasafiri mara moja kwa mwaka?

Na hiyo Desemba unayoidharau, mwaka juzi nimekaa stendi ya Magufuli pale Mbezi na mjukuu wa miaka minne tangu saa tisa usiku. Basi moja likatutoza karibu mara mbili ya nauli iliyoandikwa, siti hakuna, nikamkalisha mtoto juu ya ndoo kwenye korido mpaka Same. Nilikuwa nakwenda kumzika mama mkwe wangu. Usije tena kuniambia safari yangu ni ya kuhesabiwa.

Chalii wa Sakina
Pole mama, hilo la msiba sikulijua, nisamehe. Lakini nilichosema hakibadiliki, takwimu za mabasi zenyewe zinaonyesha Desemba inafurika.

Fundi wa Majengo
Takwimu zipi? Ziweke hapa. Huna. Arusha mna tabia ya kusema mkidhani nchi nzima inaishi kwa watalii. Treni imefika Moshi 1911 Mjerumani akiwepo, nyie mmengoja mpaka 1929 Mwingereza ndio akaisogeza. Miaka 18 mlikuwa mnakuja kupandia kwetu. Leo Moshi imekuwa mzigo?

Barabara ya 12 Tanga
Ndugu zangu mnagombania kitanda mwenye nyumba nipo. Hiyo reli imeanza Tanga 1893. Imefika Korogwe 1902, Mombo 1905, ndipo ikapanda huko kwenu polepole. Bila bandari ya Tanga hamna reli ya Moshi wala ya Arusha. Mnajadili mwendeshaji wa treni ya abiria kutoka Dar mkasahau hii njia ilijengwa ibebe mzigo ushuke Tanga. Sasa bandari imechimbwa kina kimefika mita 13, meli kubwa zinafunga gatini, nyie mnaongelea kuhesabiwa.

Kahe Janksheni
Mwacheni mtu wa Tanga ajisifie ila na sisi Kahe tuna letu. Hapa ndipo ilipokuwa inakutana na njia ya Voi, Mwingereza aliileta kupitia Taveta wakati wa vita ya kwanza akimfukuza Mjerumani. Mimi naona mwendeshaji mpya afufue hiyo, mzigo wa Arusha na Moshi uende Mombasa, karibu na haraka. Alafu kuhusu kubinafsisha, si tulishajaribu? Wahindi tuliwapa kama 2005 hivi wakatushinda wakaondoka.

Barabara ya 12 Tanga
Mombasa??? Kaka wewe ni Mtanzania kweli? Serikali imemwaga mabilioni Tanga wewe unataka kontena za Arusha zikalipe ushuru wa bandari Kenya. 1977 Jumuiya ilipovunjika mpaka ukafungwa mpaka 1983, mngekuwa mmetegemea Mombasa mngekula nini? Huo ndio mawazo ya watu wa mpakani, mguu mmoja huku mmoja kule.

Kahe Janksheni
Mguu mmoja kule unamaanisha nini? Babu yangu kazikwa hapa Kahe. Mfanyabiashara anaangalia gharama, haangalii bendera. Kama Tanga ni rahisi basi thibitisheni kwa bei msitutishe kwa uzalendo.

Binti wa Njiro
Jamani mada ilikuwa mwendeshaji wa treni au mpaka wa Kenya 😩

Mzee wa Karakana
Marahaba wote. Nimefanya kazi reli miaka 31, nimeanza kibarua kwenye genge la njia, nimemaliza mkaguzi wa njia, kwa hiyo nitaandika kwa urefu mnisamehe, mkono wangu ni mzito kwenye simu.

Kwanza nimsahihishe kijana wa Kahe. RITES wa India hawakuja 2005, mkataba ulianza 2007. Wao asilimia 51, serikali 49, kampuni ikaitwa TRL, mkataba wa miaka 25. Vichwa na mabehewa vikakodiwa kutoka India. Haikutimia hata miaka mitano, migomo ya mishahara juu ya migomo, serikali ikarudisha kampuni yote mikononi mwake. Baadaye sheria ya 2017 ikaunganisha TRL na RAHCO, kampuni ya serikali iliyomiliki njia, ndipo TRC ikazaliwa upya. Jirani zetu Kenya na Uganda walifanya hivyohivyo na Rift Valley Railways kuanzia 2006, nao miaka 25 kwenye karatasi, 2017 ikavunjwa. Nchi tatu tofauti, kampuni mbili tofauti, ugonjwa mmoja. Mwendeshaji alikabidhiwa njia iliyochoka akaambiwa aendeshe treni, apate faida, na faida hiyohiyo itengeneze njia. Reli haina faida ya namna hiyo. Hakuna mwenye basi anayejenga lami.

Pili, njia yenyewe. Tanga mpaka Moshi kilomita 352, Moshi mpaka Arusha 86. Ni njia moja, geji ya mita moja. Treni mbili zikikutana lazima moja ingoje stesheni yenye njia ya kupishania, na kama ya pili imechelewa Korogwe basi wewe uliyeko Same unakaa unaangalia milima ya Upare saa nzima. Reli zake ni nyepesi, kona ni kali kwa sababu Mjerumani aliifuata ardhi hakuikata. Treni ya Dar nayo haiji moja kwa moja, inazunguka Ruvu ndipo ipande kwa ile njia ya 1963 mpaka Mnyusi ikutane na ya Tanga. Sasa lete behewa jipya linalong'aa, lina kiyoyozi na tivii. Likifika kwenye tuta lililolegea litapewa kikomo cha mwendo kilekile alichopewa bibi yake. Mchongoko unakimbia 160 kwa saa kwa sababu unapita njia mpya ya geji pana yenye umeme, rangi ya behewa haihusiki.

Kwa hiyo swali sio nani aendeshe treni. Swali ni nani atatandika reli nzito, abadili mataruma, amwage kokoto, ajenge madaraja na makalvati ya kupitisha maji ya masika, na nani atalipia. Likijibiwa hilo, mwendeshaji awe yeyote.

Na jambo la mwisho, hao waliopanga meza za nyanya na mitumba juu ya mataruma Arusha na Moshi watatoka tu. Hifadhi ya reli ni mita 15 kila upande mjini, mita 30 nje ya mji. Vijana wa leo hawaheshimu njia.

Dada wa Unga Ltd
Shikamoo mzee. Nimesoma yote kwa heshima mpaka nilipofika mwisho nikaumia. Watatoka tu? Mama yangu ni mmoja wao. Treni ya abiria iliondoka Arusha ikakaa karibu miaka 30, reli ikaota majani mpaka mbuzi wakawa wanachungwa pale. Mama akafyeka, akaweka meza, akauza nyanya na vitunguu, watoto wanne tumesoma kwa hiyo meza, mimi ni mmoja wao naandika hapa. Kila siku alikuwa anakatiwa risiti ya ushuru wa meza. Wanaokata risiti walikuwa hawajui mita 15? Leo treni imerudi ndio anaitwa mvamizi. Sisemi treni isije. Nasema usitaje watu kama takataka za kufagiwa.

Fundi wa Majengo
Mzee kashakula pensheni yake anatuletea mita 15.

Mtoto wa Njoro
Fundi hapana, futa hiyo kauli. Mzee kaja kutufundisha, amefanya kazi tangu wewe hujazaliwa. Omba radhi.

Fundi wa Majengo
Sawa nimekosa adabu, shikamoo mzee wangu na unisamehe. Ila namuunga mkono dada. Watu wa njia wakati wao walikuwa wapi reli inaota majani?

Mzee wa Karakana
Marahaba, yameisha. Tulikuwa tunapewa vifaa vya kukarabati kilomita moja wakati zilizoharibika ni kumi. Genge la watu kumi na wawili likabaki watu watatu, wengine walistaafu hawakujazwa. Nilitembea kwa miguu kukagua njia ambayo nilijua treni ya abiria haiji, nikaandika ripoti, nikaandika tena. Akina mama wa meza za nyanya kama huyo nilikuwa nawapita kila wiki, wengine nimekula kwao. Dada yangu nisamehe kwa neno langu, lakini treni ikipita sentimita kadhaa kutoka kwenye mguu wa mtoto anayecheza chini ya meza, mimi nimeokota waliogongwa. Siwezi kusema wakae.

Dada wa Unga Ltd
Nimekuelewa mzee. Basi wapewe sehemu kabla, wasiamke wakute alama ya X na greda. Huyo mwendeshaji mpya mnayemtaka aandikiwe kwenye mkataba kwamba stesheni itakuwa na soko na walioondolewa ndio wa kwanza kupewa meza.

Mwalimu wa Siha
Hapo dada umegusa jambo ambalo hata Wajapani wanalifanya. Wao 1987 walilivunja shirika lao la reli likawa kampuni sita za abiria na moja ya mizigo. Zile za miji mikubwa zinaingiza fedha nyingi kwenye maduka, hoteli na majengo ya kwenye stesheni zao kuliko mtu anavyodhani. Eneo la stesheni Arusha na Moshi ni mali, liko katikati ya mji. Lakini msisahau upande wa pili, zile kampuni za visiwa vya watu wachache, Hokkaido na Shikoku, mpaka leo haziwezi kusimama bila mkono wa serikali. Sisi Kaskazini tuko karibu zaidi na Hokkaido kuliko Tokyo. Na Uingereza waliobinafsisha miaka ya tisini sasa wanarudisha treni za abiria serikalini, Mei 2025 wameanza na South Western Railway, dada yangu anaishi Southampton ndio treni yake. Kwa hiyo mwenye kusema binafsi ndio usasa aangalie huko, na mwenye kusema serikali ndio usalama aangalie historia yetu wenyewe. Nirudi kwa swali la mzee ambalo mmeliruka wote: nani atandike reli?

Chalii wa Sakina
Mwalimu umesema tuko karibu na Hokkaido kwa watu wachache? Arusha hii? Umepita Kilombero sokoni saa kumi jioni kweli? Umepita kwa Mrombo? Watu hatupishani barabarani. Huo ndio uandishi wa mtu anayekaa Siha anaangalia ng'ombe na viazi.

Mwalimu wa Siha
Nakaa Siha na nina digrii mbili kijana, na hivyo viazi ndivyo unavyokula na kuku wako Sakina. Nimesema kanda nzima ukilinganisha na Dar, sijasema Arusha haina watu.

Mama Ndizi Mbuyuni
Mnarukana kwa viazi mimi nina swali la ndizi. Huyo mwendeshaji wa kisasa atabeba mzigo wangu? Maana wanaopanda SGR ya Dodoma wananiambia mzigo una kikomo cha kilo, huwezi kuingia na tenga, huwezi na gunia. Usafi nakubali, mimi mwenyewe sipendi kukaa na kuku wa mtu miguuni. Lakini hiyo treni ya zamani mnayoicheka, ilikuwa inasimama kila stesheni, mama wa Hedaru anapandisha tenga lake, wa Makanya ndoo zake, wa Mombo matunda ya Lushoto, na dirishani unanunua chakula moto. Ilikuwa soko linalotembea. Tukiifanya ya kisasa ikapita Hedaru kwa kasi bila kusimama, Hedaru wamepata nini zaidi ya honi?

Na ndizi haingoji. Nikikata Jumatatu nataka ziwe Mabibo Jumanne usiku, zaidi ya hapo zinaiva njiani napata hasara. Mimi siangalii mwenye treni anaitwa nani. Nataka kujua siku na saa. Anipe saa, aishike, nitamlipa.

Mpare wa Same
Mama umesema. Sisi Same tangawizi yetu inapanda lori kutoka milimani mpaka barabara kuu, inapangwa tena kwenye lori lingine, kila hatua mtu wa kati anakata chake. Reli inapita Same pale chini inatazama. Treni za mizigo zilirudi 2019 mwezi wa saba, saruji kutoka Tanga inapanda, je mabehewa yakishuka yanashuka na nini? Mkulima mdogo hawezi kujaza behewa zima, anahitaji mtu wa kukusanya gunia hamsini za huyu na ishirini za yule. Mwendeshaji akija na wazo hilo tu hata asipoleta kiyoyozi, mimi nampigia kura.

Barabara ya 12 Tanga
Yanashuka na mzigo wa kwenda Tanga bandarini, hapo ndipo ninaposema kila siku. Phosphate ya Minjingu, magadi ya Engaruka siku yakianza kuchimbwa, mahindi, kahawa. Ndio maana SGR iliyo kwenye mipango inaitwa Tanga, Arusha mpaka Musoma, haiitwi Dar wala Mombasa. Mzigo ndio unalisha reli, abiria anasindikiza.

Kahe Janksheni
Kwenye mipango. Mjukuu wangu ataisoma hiyo mipango.

Nesi wa Usa River
Naombeni na mimi. Nimefuatilia toka mwanzo, mnaongelea Dar, Tanga, Mombasa, Japani. Mimi nakaa Usa River nafanya kazi Moshi mjini. Wiki tatu kwa mwezi nasimama barabarani saa kumi na moja alfajiri nangoja Costa, na zikija zimejaa kutoka Arusha. Mara mbili nimepanda noa iliyobeba watu kumi na moja. Barabara ni ileile ya malori, tukikutana na ajali mbele tunalala. Kilomita 86 tu za reli kati ya Moshi na Arusha, stesheni Usa River ipo, Rundugai ipo. Kwanini tusianzie hapo? Treni fupi ya mabehewa matatu manne, inakwenda na kurudi kila siku, asubuhi na jioni. Hata kwa mwendo wa 50 kwa saa inashindana na Costa inayosimama kila mti. Wafanyakazi, wanafunzi wa vyuo, wachuuzi wa Tengeru, wanaokwenda hospitali. Hao ni abiria wa Januari mpaka Desemba kaka Chalii.

Mzee wa Karakana
Mwanangu umenifurahisha. Kwa kipande kifupi hivyo njia inaweza kukarabatiwa ikashikika, na kupishana sio tatizo maana treni ni moja inakwenda inarudi. Genge mbili zinatosha kukagua. Hapo hata mwendeshaji mdogo wa hapahapa anaweza, halazimiki kuwa na mabilioni ya dola. Njia iwe ya umma, itunzwe na umma, yeye alete treni alipe tozo, akishindwa kushika saa anapewa mwingine.

Mtoto wa Njoro
Naam, sasa tunaongea. Treni ya wafanyakazi Moshi Arusha. Iondoke Moshi saa kumi na mbili kasoro asubuhi, saa mbili kasoro iko Arusha, watu wanaingia kazini. Jioni saa kumi na moja na nusu inaondoka Arusha kurudi. Nani hataki?

Chalii wa Sakina
Kwanini ilale Moshi? Nesi kasema mwenyewe anatoka upande wa Arusha kwenda Moshi asubuhi. Iondoke Arusha asubuhi.

Fundi wa Majengo
Wanaotoka Moshi kwenda kufanya kazi Arusha ni wengi kuliko wanaotoka Arusha kuja Moshi, hilo huhitaji digrii. Angalia Costa za asubuhi zinajaa upande gani.

Chalii wa Sakina
Kwa hiyo unakubali kazi ziko Arusha.

Fundi wa Majengo
Nimekubali mafundi wazuri wako Moshi ndio maana mnawaita.

Nesi wa Usa River
Kaka zangu nimesema Costa zinakuja zimejaa kutoka Arusha. Zimejaa pande zote mbili. Si ziwe treni mbili, moja ilale huku moja ilale kule, zipishane Usa River?

Mzee wa Karakana
Zikipishana Usa River ya Arusha ndio itakuwa inangoja, maana Usa River iko karibu zaidi na Arusha, ya Arusha itafika mapema. Mpishano mzuri uwe katikati, Rundugai na Usa River hapo kati patafutwe stesheni ya zamani yenye njia mbili. Au ya Arusha ichelewe kuondoka nusu saa.

Chalii wa Sakina
Yani Arusha ndio ichelewe?

Mama Ndizi Mbuyuni
Itachelewa. Ya Moshi itakuwa na tenga zangu za Kilombero.